Kilio cha uongo

Mwanafunzi wa chuo kikuu anakosa masomo kwa uvivu, kisha anamwambia profesa: «Nyanya yangu amekufa.» Wenzake wanacheka: uongo huo unamuumiza nani?

Sisi Wakimbangisti tunafundishwa upendo, amri na kazi. Kulala wakati wa masomo ni kosa juu ya kazi. Kusema uongo ni juu ya amri. Lakini uongo huu, hapa Butembo, unagusa upendo. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa upande wa Beni. Ebola nayo ilizika wengi, 2018 hadi 2020. Mwenye kilio cha kweli akifika, profesa amekwisha kuchoka, anamdai cheti cha kifo. Na aliyefiwa na mama shambani, cheti atakitoa wapi?