Ulimi, Sifa na Sumu: Suala la Hukumu ya Ladha katika Pombe za Kibera na Kawangware

Mjadala kuhusu ladha, kama ulivyoendelezwa katika falsafa ya sanaa, aghalabu umekuwa mjadala wa watu walioshiba. David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kigezo cha ladha, aliazima kisa kutoka kwa Cervantes. Jamaa wawili wa Sancho waliitwa waonje divai ya pipa moja. Mmoja aliisifu, ila akasema ina ladha ya ngozi. Wa pili naye aliisifu, ila akasema ina ladha ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomiminwa hadi tone la mwisho, ulionekana chini yake ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Kwa Hume, ufunguo huo wathibitisha kwamba ladha si jambo la kila mtu na ulimi wake. Umo ukweli ndani ya pipa, na zipo ndimi zinazoufikia kabla ya nyingine.

Makala haya yanadai kwamba kisa hicho, kikihamishiwa Kibera na Kawangware, kinazua swali la kimaadili ambalo Hume hakulazimika kulijibu: mhakiki ana wajibu gani pale ambapo kilichomo pipani hakionjeki, nacho kinaua?

Yafaa kwanza kukanusha dhana kwamba unywaji wa mitaa hii hauna uhakiki. Busaa, ambayo hupendwa sana na Waluhya na Wajaluo waliohamia Nairobi, ina hatua zake. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati hadi ugeuke rangi, halafu huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, na mwishowe huchujwa. Kila hatua huacha alama inayosomeka ulimini. Mnywaji mzoefu hutambua unga ulioungua, kimea kilichokosa nguvu na uchachu uliopitiliza. Muratina ya Wakikuyu, iliyotengenezwa kwa asali au maji ya miwa pamoja na tunda lililokaushwa la mti uitwao kwa jina hilo hilo, nayo ina waamuzi wake, na hao aghalabu ni wazee. Kibera yenyewe, iliyoasisiwa na askari wa Kinubi mwanzoni mwa karne ya 20, ilipata sifa tangu zama za ukoloni kwa pombe yao kali ya kukenekwa, jamaa ya ile inayoitwa chang'aa.

Waswahili wa pwani nao walikwisha kuifikiria hatari ya hukumu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii ni nadharia fupi ya uhakiki. Inatambua kwamba sifa si maelezo tu ya kilichokwisha kutengenezwa, bali ni tendo linalobadili kitakachotengenezwa kesho. Msifu ana hisa katika uharibifu wa tembo. Hata hivyo, methali ina imani moja iliyojificha, nayo ni kwamba ubaya wa mgema huishia kwenye maji, na maji huonjeka.

Imani hiyo ilivunjika Nairobi. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya jiji baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 msiba kama huo uliipata Machakos, na Mei 2014 ukarudi katika kaunti kadhaa. Methanoli hufanana mno na kileo cha kawaida kwa harufu na ladha, na madhara yake yanaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Wapo wanaoijaribu chang'aa kwa kiberiti, lakini methanoli nayo huwaka. Hapa ufunguo wa Hume hauna ladha ya chuma wala ya ngozi. Ulimi mjuzi na ulimi mjinga husimama daraja moja.

Yaweza kujibiwa kwamba basi kazi ni ya maabara na sheria. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga chang'aa marufuku kabisa. Mama pima aliyekeneka kwa uangalifu na yule aliyechanganya kemikali wakawa wahalifu wa aina moja, wote wakijificha. Palipo na maficho hapana uhakiki, maana uhakiki huhitaji hadhara: jina la mtengenezaji, kumbukumbu ya wanywaji, na nafasi ya kulaumu bila hofu. Sheria ya mwaka 2010 iliifuta ile ya awali na kuiruhusu chang'aa kwa sharti la kufuata viwango. Lakini maafa ya 2014 yalionyesha kwamba ruhusa ya maandishi peke yake haiurejeshi uaminifu.

Hapa ndipo desturi ya jamii nyingi za Kiafrika inapodai kutazamwa upya: mwenye pombe huinywa kwanza mbele ya wageni. Kwa hoja ya kisayansi, tendo hili ni dhaifu. Asiyejua kilichomo mtunguni mwake atakunywa, na atakufa pamoja na wageni wake. Funda la kwanza halithibitishi usalama wa pombe. Linachothibitisha ni kwamba mtengenezaji hakumwekea mgeni hatari anayoijua na kuiepuka mwenyewe. Ni ushahidi juu ya mtu, si juu ya kinywaji. Mizani ya maabara haiwezi kuutoa ushahidi huo, kama vile funda haliwezi kuitoa hesabu ya maabara.

Kwa mhakiki wa fasihi, funzo ni zito kuliko linavyoonekana. Yeye pia husifu vitu ambavyo wengine watavinywa, na madhara ya baadhi yake hayaonekani siku ya kuonja. Hawezi kuahidi kwamba ulimi wake utagundua kila sumu. Anachoweza kukidhamini ni kidogo zaidi, nacho kinadaiwa bila msamaha: asikisifu asichokinywa, wala asiwamiminie wengine kile ambacho mwenyewe angekiepuka.