Tulikwenda kutazama mlima, tukaisahau swala

 

Ndugu msomaji, leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe. Wakati wa likizo tuliwachukua vijana wa msikiti wetu hapa Bariadi kwenda kuitazama kreta ya Ngorongoro. Mzee wetu mmoja alipinga. Alisema hiyo ni anasa, fedha zile zingenunua bati za madrasa. Nikamjibu kwa Surat Al-Ghashiya, ambamo Allah (SW) anawahimiza watu wazingatie uumbaji wa ngamia, mbingu, milima na ardhi. Mzee akanyamaza, nami nikajiona mshindi.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukapita Lamadi na kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri, tulinuia kuichelewesha Adhuhuri, tuiswali pamoja na Alasiri, rakaa mbili mbili.

Saa kumi na moja jioni tulisimama ukingoni. Sisi watu wa tambarare za pamba tulipigwa na bumbuwazi. Chini yetu, kiasi cha mita 600, lilitandaza bonde la kilometa za mraba zipatazo 260, Ziwa Magadi likimeta, nyati wakionekana kama sisimizi. Wataalamu wa miamba wanasema hapo palikuwa na mlima mkubwa wa volkano uliodidimia zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Mlima mzima, umezama! Binadamu anayetembea kwa maringo ana nini?

Lakini badala ya kuzingatia, simu zikatoka. Picha ya huyu, picha ya yule, na mimi kiongozi wao ndiye niliyekuwa nikiwapanga mstari. Jua linateremka. Ndipo dereva wetu, ambaye si Muislamu, akanisogelea na kuniuliza kwa adabu: "Shehe, leo hamswali?"

Wallahi, natamani ardhi ingenimeza. Niliyemnyamazisha mzee kwa aya, nimekumbushwa swala na mtu asiyeswali!

Tulitia udhu kwa maji ya chupa. Kutoka pale Kibla ni kaskazini, hivyo bonde lote likawa mbele yetu. Kijana aliyekimu sauti ilimtetemeka. Tulipotoa salamu, jua lilikuwa limebakiza kidogo sana kuzama.

Kando ya barabara ile ya ukingoni kuna kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake. Ndege yake ilianguka Januari 1959, akafa akiwa na miaka 24. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alifariki mwaka 1987, naye amezikwa hapo hapo. Baadhi ya vijana wetu wana umri huo huo wa miaka 24. Niliwauliza: nani kati yetu aliyeahidiwa kufika Bariadi, hata aseme swala itangoja picha?

Ndugu zangu, sisemi watu wasitembee. Milima ni katika alama za Allah (SW), na Mtume (SAW) aliupenda mlima wa Uhud. Nasema, hoja yangu kwa mzee niliikata katikati. Baada ya kutajwa ngamia, mbingu, milima na ardhi, aya inayofuata inamwamrisha Mtume (SAW) akumbushe. Kutazama kusikoleta ukumbusho ni macho tu, na macho hata nyati anayo.

Tuliporudi nilimwendea yule mzee, nikamweleza yote na kumuomba radhi. Alicheka, akanishika mkono: "Safari ijayo, mwanangu, mnichukue. Nitakuwa muadhini wenu."

Bati za madrasa tumeanza kuzichangia Ijumaa iliyofuata. Wabillahi tawfiq.