Mikate Mikavu ya Wagibeoni



Neno letu la mwezi huu limo katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 9. Watu wa Gibeoni walikaa karibu, lakini walijifanya wajumbe waliotoka nchi ya mbali. Wakachukua mikate mikavu, viriba vikuukuu na viatu vyenye viraka, wakafika kambini Gilgali. Wakuu wa Israeli wakavitazama vyakula vile, wakasadiki, wakaapa. Jambo moja hawakulifanya: hawakumwuliza Bwana. Baada ya siku 3 wakasikia ya kuwa watu wale ni jirani zao, lakini kiapo kilikuwa kimekwisha kutoka vinywani mwao.

Wagibeoni wale waliogopa kufa. Wa siku hizi wanatafuta mali za wajane, nao huja kwa njia ya simu.

Siku moja ujumbe uliingia katika kundi la WhatsApp la usharika wetu. Ulikuwa na nembo ya taifa na jina la TASAF, ule mfuko ulioanza mwaka 2000 kwa ajili ya kuwasaidia maskini. Ulisema ya kuwa wazee na wajane watapewa fedha, na mwisho ni jioni ile ile. Mtu aguse mahali fulani, aandike jina lake na namba yake ya siri, kisha awapelekee wengine 10.

Mimi mchungaji niliusoma kwa haraka, nikaupeleka kwa wazee wa mitaa yote. Niliwahurumia watu, lakini sikuuliza. Juma lililofuata mjane mmoja akanijia akilia, kwa maana fedha yake ya mbolea ilikuwa imetoka yote katika simu. Nikamwuliza, "Mama, mbona uliwaamini?" Akajibu, "Baba Mchungaji, ujumbe ulitoka kwako." Neno hilo likanichoma moyo. Mwongo alikuwa amevaa joho langu. Jumapili ile niliungama mbele ya usharika.

Basi, ninyi wainjilisti na walimu, yatupasa kuijua mikate mikavu tunapoiona. Kwanza, mwongo huhimiza haraka, ili mtu asipate nafasi ya kuuliza. Pili, hutaka namba ya siri, au malipo kidogo kwanza ndipo msaada utoke. Lakini namba ya siri haiombwi na mtumishi yeyote wa kweli. Tatu, itazameni anwani: zile za serikali ya Tanzania huishia kwa go.tz, bali za waongo hufanana nazo kidogo tu. Nne, WhatsApp huweka alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliopitishwa mara nyingi mkononi mwa wengi. Alama hiyo haisemi ya kuwa ni uongo, ila yatuonya ya kuwa aliyetuletea siye aliyeuandika. Tena nembo si ushahidi. Picha huigwa na mtoto.

Kumbukeni pia jinsi TASAF ilivyoanza kuzisaidia kaya maskini katika miaka iliyofuata 2012: majina yalitajwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote. Basi msaada ukitajwa simuni, nendeni kwa miguu yenu hadi ofisi ya kijiji au ya mtaa, mkaulize. Saa moja ya kutembea ni rahisi kuliko mwaka wa njaa. Na namba ya mdanganyifu ipelekeni kwa 15040, ndiyo namba iliyowekwa kwa kazi hiyo. Aliyekwisha kutoa namba yake ya siri aibadilishe mara moja, akawaarifu wenye mtandao wake.

Neno la mwisho. Aliyedanganywa msimcheke. Aibu humfunga kinywa, na akinyamaza, jirani yake ataibiwa kesho kwa maneno yale yale. Mpokeeni, msikilizeni, mchangieni mbegu. Sisi tulimchangia yule mama, nami nikatoa wa kwanza, kwa kuwa deni lilikuwa langu.

Nasi tunaoaminiwa na watu, tusipitishe neno tusilolichunguza. Mdomo wa mchungaji, na wa mwalimu vile vile, ni amana ya Bwana. Tumwombe atupe moyo wa huruma, pamoja na subira ya kuuliza kwanza.

Bwana awalinde. Amin.