Kijana, Jifunze Kupika: Mwili Wako Ni Mali ya Mungu



Kila mwaka vijana wa milima yetu huaga wazazi wao, wakashuka Bukavu. Huyu anatafuta masomo, yule anatafuta kazi. Wanapanga chumba kimoja, huko Kadutu au Bagira, na jioni ya kwanza wanakutana na jambo wasilolitazamia: jiko halina moto, wala hakuna mama wa kuwaita kula. Nyumbani walipewa mkeka, blanketi na sala za asubuhi na jioni. Je, walifundishwa kupika?

Mvulana wa kwetu husema: «Kupika ni kazi ya wanawake.» Basi afanyaje? Asubuhi anakunywa chai na andazi moja. Mchana anafunga, lakini kufunga huko si kwa Kwaresima. Jioni anakula bugali mtupu, au anakwenda kwa rafiki kunywa kasiksi. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa. Baada ya miezi michache amekonda, usingizi unamshika darasani. Habari zikifika kijijini, watu wananong'ona kwamba amerogwa. Ndugu zangu, mara nyingi hakuna mchawi hapo. Kuna sufuria tupu.

Tumtazame Danieli na wenzake. Walikuwa vijana, wamepelekwa mbali, Babeli, katika nyumba ya mfalme. Huko hapakuwa na baba wala mama wa kuwachunga. Hata hivyo Danieli hakusema moyoni: «Hapa hakuna anayeniona.» Kwa kushika sheria ya Mungu alikataa chakula cha mfalme na divai yake, akaomba mboga na maji kwa muda wa siku kumi. Siku hizo zilipokwisha, nyuso zao zilikuwa na afya kuliko nyuso za wengine. Kijana aliyemcha Mungu aliangalia pia kilichomo sahanini mwake.

Tena tumtazame Bwana wetu Yezu Kristu. Alipokwisha kufufuka, aliwangojea mitume wake pwani ya ziwa. Walipotoka majini wamechoka, walikuta moto wa makala, na juu yake samaki, na mkate. Naye akawaita waje kula. Mwokozi aliyeshinda mauti hakuona haya kuwaandalia marafiki zake chakula. Wewe ni nani hata uone haya?

Amri ya tano yatukataza kuua. Lakini Eklezya yatufundisha kwamba amri hiyo yatuagiza pia kutunza uhai tuliopewa, na wetu wenyewe umo. Mtakatifu Paulo asema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nanyi mnajitayarisha kwa ubatizo: maji yatamiminwa juu ya kichwa hicho, mafuta matakatifu yatapakwa juu ya mwili huo. Hekalu haliachwi libomoke.

Basi sikilizeni mafundisho ya jikoni. Chakula chema kina sehemu tatu. Ya kwanza hutia nguvu: bugali, viazi, ndizi. Ya pili hujenga mwili: maharage, soya, karanga, mayai, samaki. Ya tatu hukinga mwili na magonjwa: lengalenga, sombe, matunda. Anayekula bugali peke yake amejenga nyumba ya ukuta mmoja. Wala msidhani nyama tu ndiyo chakula cha kweli. Maharage ya mashamba yetu hujenga mwili vema. Sambaza, ambao waliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, ni samaki wadogo. Lakini ukiwala pamoja na mifupa yao, mifupa yako hupata nguvu.

Jihadharini na muhogo mchungu, kwa maana una sumu ndani yake. Wazee wetu walijua: umenywe, ulowekwe majini siku tatu au zaidi hata ulainike, kisha uanikwe juani. Anayefupisha siku hizo kwa haraka ya kuuza anahatarisha jirani yake. Huko Kwango, magharibi ya Kongo, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa uitwao konzo: miguu hukakamaa ghafula, wala hairudi tena kuwa mizima. Huwapata hasa wanaokula muhogo usiolowekwa vizuri, bila maharage wala samaki. Nalo sombe litwangwe na kuchemshwa sana. Nunueni pia chumvi yenye iyodi, ili kuzuia uvimbe wa shingo.

Maharage uyaloweke jioni, kesho uyamwage maji yake, uyachemshe katika maji mapya hata yaive kabisa. Chakula kilicholala kichemshwe tena kabla ya kuliwa. Maji ya kunywa yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, maana kipindupindu hakiulizi mtu dini yake. Na neno hili msilisahau: usilale na jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake mbaya haionekani wala hainuki, nayo huua mtu usingizini.

Mtu atasema: «Fedha zangu ni chache, na makala ni ghali.» Ni kweli. Kwa hiyo msikae kila mtu na sufuria yake. Vijana watatu wa ua mmoja wachange, wapokezane zamu: leo huyu anapika, kesho yule. Makala yatawaka mara moja kwa watu watatu. Nao watasali pamoja kabla ya kula, na chumba cha kupanga kitakuwa jamaa.

Nanyi wazazi, msingoje siku ya safari. Mwiteni mvulana jikoni leo, pamoja na dada yake. Na binti anayewapikia wote asiachiwe masalio ya sufuria. Naye ni hekalu la Mungu.

Kusudi la juma hili: kila kijana mkatekumeni apike mara moja maharage na mboga kwa mikono yake, awape kwanza wazazi wake, kisha ale.

Tusali: Ee Yezu, uliyewaandalia mitume wako chakula pwani ya ziwa, uwalinde watoto wetu walio mbali. Uwape mkate wa kila siku, na akili ya kuutayarisha. Amina.