Ilimu ya Juu Ilipwe na Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo:

Katika darsa zetu limezuka suala ambalo wazee wetu hawakulishughulikia sana, kwa kuwa zamani zao waliofika chuo kikuu walihisabika kwa vidole. Leo hapana mtaa katika miji yetu ya pwani usiokuwa na kijana aliyepelekwa bara kusoma, na baadhi yao huangukia Meru na Embu. Mmoja hupangiwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru. Mwengine Chuo Kikuu cha Embu. Wa tatu Chuka, kilicho baina ya miji hiyo miwili. Barua ya kukubaliwa ifikapo, nyumba hushangilia. Karatasi ya ada ifunguliwapo, nyumba hunyamaza. Basi suala lenyewe ni hili: ilimu ya juu ya umma ni deni la nani? Alipe mwenye kusoma, au alipe mwenye kutawala, au tulipe sote?

Wanazuoni wa usuli wametufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Kwa hivyo tutaanza na khabari zake.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, serikali ilimsomesha mwanafunzi wa chuo kikuu bila ya malipo, ikampa na fedha za matumizi, kwa sharti ya kuja kuitumikia nchi. Mwaka 1974 ukaanzishwa mpango wa mkopo. Mwaka 1991 ikaamriwa kuwa mzazi naye achangie gharama, na mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hiyo ambayo watu wote huijua kwa jina la HELB. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alitozwa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikaahidi kuvilipa vyuo kilichobaki. Lakini ahadi haikutimizwa kwa ukamilifu, na vyuo vya umma vikazama katika madeni ya makumi ya mabilioni ya shilingi. Ndipo Mei 2023 ukatangazwa mtindo mpya: kila somo likadiriwe gharama yake, kisha gharama hiyo igawanywe mafungu matatu, yaani msaada wa serikali, mkopo, na sehemu ya jamaa. Mwaka 2024 wanafunzi wakapangwa makundi matano. Kundi la mafakiri zaidi lilipewa msaada wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, jamaa wakalipa asilimia 5. Kundi la wenye nafasi lilipewa msaada wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, jamaa wakalipa asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba mtindo huo wapingana na Katiba. Na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo. Hivyo ndivyo mzazi alivyoachwa baina ya mahakama mbili, na huku siku ya kuripoti chuoni haingoji.

Watu katika jambo hili wamekuwa makundi matatu, na kila kundi lina hujja yake.

Wa kwanza wasema: alaye tunda na alipe bei yake. Aliyesoma uhandisi atapokea mshahara mkubwa kuliko mchukuzi wa bandarini. Vipi mchukuzi amlipie? Hujja hii ina nguvu kwa nje, lakini ndani yake mna upungufu. Daktari hasomi ili ajitibu nafsi yake peke yake. Mhandisi wa maji hachimbi kisima cha nyumbani kwake tu. Imam al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliihisabu ilimu ya tiba na ilimu ya hisabu katika fardhi za kifaya, yaani fardhi ambayo wakiisimamia baadhi ya watu huwaondokea wengine, na wakiiacha wote hupata dhambi wote. Kitu ambacho kukikosa kwake ni dhambi ya mji mzima, yawezekanaje kukipata kwake kuwe ni gharama ya mtu mmoja? Na imepokewa katika sira kwamba baada ya vita vya Badr, mateka wasiokuwa na mali waliojua kusoma walikombolewa kwa kuwafunza watoto wa Madina kuandika. Mji ule ulikuwa na haja kubwa ya fedha, na juu ya hayo ukaona kuwa herufi ni bora kuliko fedha. Gharama yake iliangukia hazina ya umma, haikuangukia watoto.

Wa pili wasema: basi serikali ilipe yote, kama ilivyokuwa baada ya uhuru. Nasi twaipenda kauli hii, lakini twauliza: hazina ya serikali hujazwa na nani? Mama auzaye ndizi katika soko la Gakoromone pale Meru hulipa kodi anunuapo sabuni, na mvuvi wa Kipini vilevile. Ikiwa mtoto wa mvuvi aliacha shule kwa kukosa karo ya sekondari, na mtoto wa tajiri akafika chuo kikuu akasomeshwa bure kwa fedha ile ile ya mvuvi, hapo fakiri amemsomeshea tajiri mwanawe. Neno "bure" ni tamu masikioni, lakini hapana kitu cha bure duniani. Kila kilichoitwa bure kina mtu aliyekilipa asipotajwa.

Wa tatu wasema: kila mtu na alipe kwa kadiri ya uwezo wake. Hii ndiyo kauli iliyo karibu zaidi na uadilifu, na asili yake hatuikatai, kwani zaka yetu imejengwa juu ya msingi huo huo: mwenye nisabu hutoa, asiyekuwa nayo hupewa. Lakini zaka huhisabiwa juu ya mali iliyoko mkononi baada ya kupitiwa na mwaka, wala haihisabiwi juu ya dhana. Je, uwezo wa mkulima wa Embu wajulikana vipi kwa majibu ya karatasi moja? Kahawa hupanda bei msimu huu na kuanguka msimu ujao. Wakulima wa miraa wa Igembe walikuwa na soko Uingereza, na mwaka 2014 serikali ya huko ikaipiga marufuku. Aliyekuwa na nafasi mwezi mmoja akawa hana mwezi wa pili. Na huku kwetu mwenye chombo au duka dogo huandikwa kuwa ni tajiri kwa sababu ana chombo au duka, hali faida yake yaishia katika unga wa jioni. Kipimo kikiwa kibovu, hata mwenye nia njema atapunja.

Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani yawapasa walitafakari kwa insafu. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa iliipiga marufuku muguka, na kaunti nyengine za pwani zikafuata. Na mahakama ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo. Sisi twaijua madhara ya muguka kwa vijana wetu, na hatutayafumbia macho. Lakini ni haki kujua pia kwamba katika nchi ya Mbeere yako majumba ambayo karo ya watoto hutoka katika majani hayo. Maana yake ni nini? Ni kwamba kijana mmoja husoma kwa kile kinachomharibu kijana mwengine. Mkulima yule hakuichagua njia hii kwa uadui. Aliona zao lipi laleta fedha kila wiki, na chuo chataka fedha. Nchi inapoifanya ilimu kuwa kitu cha kununuliwa, isistaajabu watu wakiinunua kwa chochote walicho nacho.

Sasa twafika penye uzito mkubwa zaidi kwa Muislamu, nao ni mkopo. Mkopo wa Bodi hutozwa ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tuseme somo moja gharama yake ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Hata yule fakiri wa kundi la kwanza, ambaye jamaa zake walilipa shilingi 10,000 tu, alibeba mkopo wa shilingi 50,000 kila mwaka. Baada ya miaka minne ni 200,000, bila ya kuhisabu mkopo wa chakula na malazi, wala ziada yake. Atoka chuoni na shahada mkono mmoja na deni mkono wa pili, na kazi hajaipata.

Ziada juu ya deni Qur'ani imeikataza kwa ukali unaojulikana. Wako miongoni mwetu wasemao kwamba kijana huyu ni mwenye dharura, na dharura huhalalisha kilichoharimishwa. Wako wasemao kwamba kusoma chuo kikuu si dharura kama njaa, na kwamba bora akae nyumbani. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamemtazama kijana, na yakasahau kutazama walio pembeni yake. Dharura ya njaa humpata mtu jangwani ambako hapana chakula. Lakini mwenye njaa akiwa kati ya mji, na majirani wana vyungu motoni, dhambi haiulizwi kwake peke yake. Majirani wataulizwa kwanza. Kijana wetu aliyeko Nchiru ametia saini mkataba wa riba hali katika mji wake pana zaka itolewayo kila Ramadhani kwa shilingi mia mia mlangoni, pana nyumba za wakfu, na pana harusi za siku nne ambazo gharama yake ingemlipia mtu mmoja masomo yake yote. Kumwambia "umekula riba" ni rahisi. Kumwambia "njoo, haya hapa malipo yako" ndilo jambo zito.

Wala si jambo geni. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, walitoa ardhi ya Nchiru, zaidi ya ekari 600, ili watoto wao na watoto wa watu wengine wasome. Hawakuliita tendo hilo wakfu, lakini sura yake ni sura ya wakfu, na leo wanaofaidika nalo wamo watoto wa Lamu na Kwale. Ikiwa wazee wa mlimani wametoa ardhi ambayo mwana wetu aisomea juu yake, sisi tumewatolea nini wana wao? Na katika Mombasa yenyewe, Taasisi ya Ilimu ya Kiislamu iliyofunguliwa mwaka 1951 ilisimama kwa mchango wa Sultani wa Zanzibar, na Aga Khan, na Mabohora, na serikali ya wakati ule, juu ya ardhi aliyoitoa Sheikh Khamis bin Muhammad bin Juma. Taasisi hiyo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa cha leo. Na kabla ya hao, Qarawiyyin ya Fas na al-Azhar ya Misri zilisomesha watu karne nyingi kwa mapato ya mashamba na maduka ya wakfu, na mwanafunzi akapewa mkate na mahali pa kulala wala asiulizwe babake ana nini.

Basi rai yetu ni hii. Serikali isiondolewe jukumu lake, kwani Katiba ya 2010 imeitaja ilimu katika haki za kila mtu. Na yatupasa tuidai kwamba kipimo cha uwezo kiwe cha haki, ahadi kwa vyuo zitimizwe, na asiyetaka mkopo wenye ziada apewe mkopo usiokuwa nayo. Lakini kuidai serikali hakutuondolei fardhi yetu. Kila msikiti na ufanye orodha ya wanafunzi wake, na sehemu ya zaka ikusanywe pamoja wapewe mafakiri miongoni mwao. Madhhabu yetu ya Shafi'i yamemruhusu zaka mwenye kushughulika na ilimu ya sheria ambaye kuchuma kungemkatisha, na baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameitandaza hukumu hiyo juu ya kila ilimu yenye manufaa. Wenye nyumba na waweke wakfu mpya, hata chumba kimoja, kodi yake iende kwa wanafunzi. Na wafanya biashara wetu washirikiane na Waislamu wa miji ya Meru na Embu kupata nyumba ya malazi karibu na vyuo hivyo, ili mzazi anayemwonea khofu binti yake asimzuie kusoma kwa sababu ya makazi.

Na kijana aliyesomeshwa kwa njia hii ajue kwamba hakupewa bure. Ana deni lisilo na ziada wala faini: kumsomesha mmoja baada yake. Deni hilo likilipwa vizazi viwili, wajukuu wetu hawatakuwa na haja ya kulijadili suala hili.

Mwenyezi Mungu atuwafikie katika lenye kheri. Wallahu a'lam.