Msiwaandikie Maneno

Likizo ya Juni, kambi ya wasichana ikifika ukingoni, mgeni rasmi lazima aonyeshwe igizo. Hapo ndipo wanaojitolea, kwa nia njema kabisa, huharibu kazi. Wanaandika maneno, wasichana wanakariri, na aliyejificha nyuma ya kanga zilizotundikwa kuwa pazia anasikika hadi viti vya mwisho akimkumbusha mwigizaji sentensi isiyo yake.

Kwa Mtwara hilo ni ajabu zaidi. Msichana wa Msimbati au Mikindani amekua akiona ngoma za sindimba na midimu. Kusimama mbele ya watu hahitaji kufundishwa na mgeni.

Na mfano wa wasichana kujitungia igizo tunao. Mwaka 1996 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama (ndiye yule Penina Muhando wa tamthilia), walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe hutaja kinachowakwamisha, hukichambua, hukitungia igizo, na wakishaigiza hujadiliana na walimu na wazazi. Mwalimu msumbufu, njia ndefu ya kwenda shule, pesa za shule zilizoliwa na sherehe za msimu wa korosho: hayo hayamo kwenye daftari la aliyekuja kwa wiki mbili.

Basi mnaojitolea mwaka huu, shoneni mavazi, pangeni viti, shikeni taa. Na mjadala baada ya igizo msiukatishe eti mgeni rasmi ana haraka. Mwacheni aende, wazazi wabaki.