Tumwambieje Mwandishi Wetu?

Katika parishi yetu hapa Kigoma yuko kijana anayeandika riwaya. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hajatupa ruhusa, na wengi wenu mmekwisha kumtambua. Mchana yuko kazini bandarini. Usiku huandika ukurasa mmoja, uwe mzuri uwe mbaya, ndipo alale. Hiyo ndiyo ahadi aliyojiwekea, na kwa ahadi hiyo amekwisha jaza madaftari manne makubwa. Hadithi yenyewe ni ya wavuvi wa Ujiji na mweka hazina wa chama chao. Sasa amefika pale ambapo kila mwandishi hufika: amewagawia watu madaftari yake, wayasome na kumwambia kama yanafaa.

Hapo ndipo linapotoka swali letu la mwezi huu. Mtu akikukabidhi kazi yake changa na kukuomba maoni, unawiwa nini naye?

Wanane walipewa. Sita wakarudisha kwa maneno matamu: hongera, kazi nzuri, Mungu akubariki. Mmoja wao alirudisha daftari ambalo kurasa zake za katikati zilikuwa bado zimeshikana kwa unyevu, maana yake hakuna mkono uliozifungua. Hatusemi kwamba watu hao ni wabaya. Tumelelewa hivyo. Kumkosoa mtu mbele ya jasho lake twaona ni utovu wa adabu, na neno zuri halina gharama. Lakini tutazame yaliyofuata. Kijana aliposikia sifa zile alianza kuulizia bei ya kupiga chapa Dar es Salaam, akamwambia mama yake kwamba itawabidi wauze kile kishamba cha michikichi walichoachiwa na marehemu baba. Kumbe sifa ina gharama, ila anayeitoa siye anayeilipa.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tuliambiwa mapema kwamba neno “vizuri” lisilo na sababu halimfundishi mtoto kitu. Kuandika “vizuri” chini ya insha hakuhitaji kuisoma. Kuandika “hapa sikuelewa” kwahitaji kuisoma mara mbili. Basi ukali wa maneno si kipimo cha upendo, wala utamu wake si kipimo; kipimo ni kama umesoma.

Msomaji aliyemfaa kijana kuliko sote hakuwa mwalimu. Ni mzee mmoja wa Ujiji aliyevua dagaa tangu enzi za karabai, na macho yake siku hizi hayaoni herufi, akaomba asomewe. Kijana akamsomea mpaka sura ambayo mitumbwi inatoka usiku, taa zinawaka juu ya maji, mwezi mpevu unaning’inia juu ya milima ya Kongo, na wavu unapanda umejaa. Twakiri ni ukurasa uliopendeza. Mzee akainua mkono.

“Mwanangu, hao wanavua nini?”

“Dagaa, babu.”

“Na mwezi umejaa?”

“Umejaa, babu.”

“Basi hao hawavui. Wanatembea tu.”

Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukijaa taa haina nguvu ya kuwavuta. Ndiyo maana kila mwezi wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hupumzika siku kadhaa za mbalamwezi, nyavu zikashonwa. Mzee akaongeza kwamba siku hizo ndizo za kukaa kupiga hesabu. Kijana alirudi nyumbani amenuna. Siku ya tatu akagundua kwamba amepewa zawadi: kama hesabu hupigwa wakati wa mwezi mpevu, basi ule wizi wa mweka hazina hauna budi kufichuka usiku ambao mitumbwi yote iko mchangani na watu wote wako nyumbani. Sura nzima ikaandikwa upya. Mtu asiyesoma hata herufi moja aliitengeneza riwaya kuliko wale sita wenye vyeti.

Si kwamba kusoma vitabu hakuna maana. Kijana amesoma, na tulimhimiza asome. Amesoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, akaona jinsi mtu wa Ukerewe alivyoyaandika maisha ya watu wa ziwa lake bila kuomba radhi. Amesoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyoandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutufikia kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mle msafara watoka pwani kwenda bara, na bara inaonekana kwa macho ya watu wa pwani. Kijana alituuliza: na sisi tuliokuwa tumesimama huku tukiutazama msafara unavyokuja, nani ataandika? Swali hilo ni zuri, na kwa ajili yake twaitakia kazi hii mema. Lakini kitabu cha mwingine hakiwezi kukuambia kwamba mwezi wako umekosea.

Pana jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Wazee wawili walimshauri aifute sura ya mweka hazina kwa sababu “watu watajitambua.” Je, hayo nayo ni maoni ya kupokelewa?

Mfano tunao hapa hapa. Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa Nyangwe huko ng’ambo ya ziwa, aliishiwa karatasi. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari ya chapa, kwa wino wa mbegu za mmea wa huko. Ndivyo alivyoandika habari za watu waliouawa sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai, na mwezi wa Oktoba akafika Ujiji akiwa hoi. Baadaye aliyanakili maneno yake katika kitabu kikubwa. Alipokwisha kufa mwaka 1873, Horace Waller, aliyepata kuwa katika msafara wa kwanza wa misheni ya UMCA, alihariri maandishi hayo yakatoka mwaka 1874. Wino wa magazetini ulififia hata usisomeke, mpaka wataalamu walipoupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyatoa maneno hayo mwaka 2011. Ndipo ilipoonekana kwamba ya magazetini na ya kitabuni hayafanani kila mahali. Mengine yalibadilika njiani, kuanzia na mkono wa mwandishi mwenyewe.

Kati ya mswada na chapa, basi, hupita mikono mingi. Mingine husafisha na mingine huficha. Yule mzee wa Ujiji alidai mswada uwe wa kweli zaidi. Wazee wetu wawili walidai upunguze kweli. Hata hivyo hatutaki kuwaonea, maana hofu yao ina upande wa haki: kijana alimpa mweka hazina wake mguu unaochechemea, na kila mtu hapa mjini anajua ni mguu wa nani, na watoto wa mtu huyo wako shuleni. Tulimwambia mguu uondoke, wizi ubaki. Mguu ni wa mtu mmoja. Wizi ni wetu sote. Amekubali la mguu, ingawa alilitetea jioni nzima.

Mfalme Yehoyakimu, kama tusomavyo katika Yeremia sura ya 36, alikuwa akikikata kile kitabu kwa kisu kadiri kilivyosomwa na kukitupa motoni. Baruku akaandika kingine, na maneno mengi yakaongezwa. Wenye kupenda kisu wakumbuke hilo.

Kijana anataka kuupeleka mswada katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2023. Waamuzi wa huko hawamjui mama yake wala hawajui kwamba huimba kwaya. Afadhali neno gumu alisikie kwanza kwetu. Kwa mfano, katika daftari la kwanza jua linachomoza mara saba; tulihesabu. Na asiye na nafasi ya kusoma alirudishe daftari na kusema, “Sikupata nafasi.” Huyo hajamdanganya mtu.

Kishamba cha michikichi hakijauzwa. Daftari la tatu liko kwa yule mzee, anasomewa jioni na mjukuu wake wa darasa la sita. La nne liko kwetu. Anayelitaka aje achukue baada ya ibada, ila aje na kalamu ya risasi.